Safari ya Tunduma: Yakuti au Kioo?

Msafiri atokaye Mbeya kwa njia kuu iendayo Zambia huingia katika Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Hupita mashamba ya kahawa ya nchi ya Wanyiha, akafika Vwawa penye makao makuu ya mkoa, kisha Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde. Hapo malori husimama safu kwa safu yakingojea kuvuka, na watu wa kila kabila hukutana: huyu auza mchele, yule abadilisha fedha, na mwingine ana mawe mfukoni.

Kabla ya kufika tulikizuru kimondo cha Mbozi. Wataalamu wa kigeni walikijua mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nacho tangu zamani. Urefu wake wapita mita 3, uzito hukisiwa tani 16, na sehemu kubwa yake ni chuma. Mwenye kukiona huikumbuka Suratul Hadid, ambamo Mwenyezi Mungu ametaja kuteremshwa kwa chuma na manufaa yake kwa watu.

Tulipokuwa Tunduma, baada ya sala ya alasiri, tumeketi barazani kwa mwenyeji wetu, mzee aliyewahi kuchimba dhahabu upande wa Saza, alikuja kijana wa nduguye pamoja na mtu mwenye jiwe jekundu.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema kijana. "Bwana huyu aniuzia yakuti. Fedha ninazo, ni zile za kufungulia duka."

Mwenye jiwe akalikwaruza juu ya kipande cha kioo, ukabaki mstari mweupe. "Mwaona? Lakata kioo!" Mzee akatia kidole mate, akaufuta mstari, ukatoweka. Haukuwa mkwaruzo, bali unga wa lile jiwe lenyewe. Kisha akaomba ruhusa, akachukua kipande cha kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo ndani yake hupatikana dhahabu ya huko, akalikwaruza jiwe upande wa chini. Likachorwa, na alama haikufutika.

"Mwanangu," akasema, "yakuti haichorwi na kwatsi. Hiki ni kioo kilichotiwa rangi."

Elimu hii ina kanuni yake. Mwaka 1812 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga mawe kwa daraja 10, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake. La kwanza ni ulanga, la 2 jasi, la 3 jiwe la chokaa. Kwatsi ni la 7, topazi la 8, yakuti, nyekundu na samawi, la 9, na almasi la 10. Ukucha wa mtu ni kiasi cha 2 na nusu. Kisu na kioo hukaribia 5 na nusu. Tanzanaiti yetu ya Mererani, iliyojulikana mwaka 1967, ni baina ya 6 na 7, kwa hiyo pete yake yataka kutunzwa.

Lakini ugumu peke yake si ushahidi kamili. Almasi haikwaruziki ila kwa almasi, nayo huweza kupasuka kwa nyundo. Wala jiwe lililokwisha kuchongwa halifai kukwaruzwa, maana utaliharibu. Mwanachuoni wetu Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu juu ya vito, naye aliyapima mawe kwa uzito wake na kiasi cha maji yanayoyasukuma. Leo wako wataalamu wenye vyombo, na tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani. Anunuaye barabarani kwa haraka hana wa kumlaumu.

Turudi barazani. Mwenye jiwe aliinama, akasema naye aliuziwa hivyo hivyo, na kwamba lazima arudishe mali yake. Mzee akamjibu kwa upole: "Jana hukujua, na asiyejua ana udhuru. Leo umejua. Ukimwuzia mwingine kwa jina la yakuti, dhambi ni yako." Akamkumbusha jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika wenziwe. Yule mtu akalifunga jiwe lake kitambaani, akatuaga.

Enyi vijana, wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jifunzeni kupima kabla ya kutoa fedha. Na mkishajua aibu ya bidhaa yenu, msiifiche. Jiwe lina daraja 10 za kulipima, lakini mfanyabiashara hupimwa kwa moja tu: lile alisemalo mnunuzi asipojua. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.