Ulm, Mji Unaomwapisha Meya Hadharani

Ukifika Ulm, kusini mwa Ujerumani, usiishie kwenye kanisa kuu. Najua mnara wake wa mita 161 unakuita tangu ungali garini. Lakini teremka hadi uwanja wa Weinhof, palipokuwa na soko la mvinyo, uitazame Schwörhaus, yaani Nyumba ya Kiapo. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, ikateketea kwa mabomu Desemba 1944, ikainuliwa tena. Chini yake ni mtaa wa wavuvi, nyumba za mbao zimeuinamia mto Blau. Moja imepinda kabisa, na wageni hulala humo, maana ni hoteli.

Kila Julai, Jumatatu ya Kiapo, meya husimama kwenye roshani ya Schwörhaus. Kwanza huwasomea wananchi hesabu ya utawala wake. Kisha, saa sita mchana, kengele ya kanisa ikilia, huapa kuwa mtu wa wote, tajiri na maskini, katika kila jambo la haki na la pamoja. Kiapo hicho kinatokana na hati ya mwaka 1397, iliyovipa vyama vya mafundi nguvu barazani kuwazidi mabwana wa koo kubwa. Raia nao waliapa kulitii baraza. Kamba ilifunga pande zote mbili.

Nayo ilivutwa kwelikweli. Novemba 1530 raia waliulizwa kama wakubali azimio la Kaisari Karl V dhidi ya Uprotestanti. Zaidi ya wanane katika kila kumi wakakataa. Mwaka 1548 Kaisari huyo alivinyang'anya vyama vya mafundi madaraka, akawakabidhi mabwana. Miaka 10 baadaye ikatoka hati mpya ya kiapo, ila mabwana wakabaki na usemi mkubwa. Wala tusiupambe mji: uraia ulirithiwa au kununuliwa, na wanawake, watumishi na vibarua hawakuwa na kauli barazani.

Hata hivyo, majumba ya fahari ya serikali yako kila mahali. Mkubwa anayeapa upya kila mwaka mbele ya muuza mboga ni adimu.

Alasiri ya Jumatatu ya Kiapo watu hujitosa katika mto Donau kwa mashua na maboya, mashua nyingine zimepambwa kuwakejeli wanasiasa. Panga safari yako iangukie Jumatatu ya pili kutoka mwisho wa Julai. Treni kutoka Stuttgart haifiki saa nzima. Beba nguo za kubadilisha, maana huko mtoni kila mtu humwagiwa maji.