Mapigo Matatu Yaliyosikika Mawili: Kuhusu Kunyoosha Ngoma kwa Tarakilishi

Sikio la binadamu ni hakimu mkali wa wakati. Mwimbaji anaweza kuchelewa kuingia na hadhira ikaona ni madaha. Mpiga gitaa akijivuta, husemekana kwamba ana mtindo wake. Mpiga ngoma hapewi msamaha huo. Akichelewa kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho, wimbo mzima huchechemea, na hata asiyejua muziki huacha kutikisa kichwa asijue ni kwa nini. Ndiyo maana katika studio za kurekodia kuna kazi ambayo wasikilizaji wengi hawajui kuwa hufanywa, na ambayo mafundi wenyewe hawapendi kuitaja mbele ya wapigaji: kazi ya kuyanyoosha mapigo baada ya wapigaji kwenda zao nyumbani.

Seti ya drami hurekodiwa kwa maikrofoni nyingi, aghalabu nane au zaidi. Moja huwekwa mbele ya ngoma ya mguu, nyingine juu ya sneya, moja kwa kila tomtomu, na mbili huning'inizwa juu ili zinase matoazi na mvumo wa seti nzima. Kila maikrofoni huwa na mkondo wake, au traki kama waitavyo mafundi, na katika kioo cha tarakilishi mikondo hiyo hulala sambamba, kila pigo likionekana kama mwamba uliochomoza ghafla kisha ukateremka polepole. Programu huutafuta mwanzo wa kila mwamba, hukata kabla yake kidogo, kisha hukisogeza kipande hadi kwenye mstari ulio karibu zaidi wa gridi. Gridi yenyewe huchorwa kutokana na kasi ya metronomu ambayo wanamuziki walikuwa wakiisikiliza wakati wa kurekodi. Kipande kikisogea, nyuma yake hubaki pengo. Pengo hilo huzibwa kwa kukirefusha kipande kilichotangulia, na maungio hufichwa kwa kukififisha kimoja huku kingine kikikuzwa. Kwa hakika, kazi hii ina mengi ya ushonaji kuliko ya upigaji ngoma.

Jambo moja humtatiza kila anayeanza. Aonapo pigo la sneya limechelewa, huukata mkondo wa sneya peke yake, akalisogeza pigo mahali pake, akafurahi. Akiusikiliza wimbo husikia sneya mbili, au moja iliyokonda. Sababu ni kwamba pigo lile halikuingia katika maikrofoni ya sneya pekee. Lilinaswa pia na zile mbili za juu, na kwa uhafifu na zile za tomtomu. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, yaani huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, hivi kwamba maikrofoni iliyo mita moja juu ya ngoma hulipokea pigo lilelile likiwa limechelewa kwa kiasi hicho. Uchelewaji huo si kosa. Ndio unaomwarifu msikilizaji kwamba ngoma ilipigwa katika chumba chenye dari na kuta. Ukivurugwa, mawimbi ya pigo moja yaliyomo katika mikondo tofauti huanza kupingana, moja likipanda ilhali jingine likishuka, na ngoma iliyokuwa nene hulia kama debe. Kwa hivyo mikondo yote hukatwa kwa mstari mmoja na kusogezwa kwa pamoja, mithili ya watu wanne wabebao machela: hakuna anayepiga hatua peke yake.

Enzi za utepe, mashine yenyewe ndiyo iliyolazimisha umoja huo. Les Paul alipoipata mashine ya mikondo minane ya kampuni ya Ampex mwaka 1957, mikondo yote ilikuwa juu ya utepe mmoja. Wembe ukipita, umeikata yote. Lakini wembe ni chombo cha hatua kubwa. Utepe unaopita kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde ukitakiwa kupunguzwa milisekunde 20, kipande cha kuondolewa hakifiki milimita 8. Ni vigumu kumwazia fundi ambaye angelifanya hivyo kwa kila pigo la wimbo wa dakika nne na akabaki na akili timamu. Basi wembe ulitumiwa kuunganisha kipande kizuri cha toleo hili na kipande kizuri cha toleo lile, na baina ya maungio mpigaji aliachwa alivyo. Wimbo wa Rolling Stones uitwao "Honky Tonk Women", uliotolewa mwaka 1969, huanza kwa kasi moja na kumalizika kwa kasi kubwa zaidi, na hakuna aliyemdai Charlie Watts fidia.

Mambo yaligeuka hatua kwa hatua. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya ngoma iitwayo LM-1, iliyokuwa na sauti za ngoma halisi na uwezo wa kuyavuta mapigo yaliyobonyezwa kwa vidole hadi mahali pa hesabu. Huko, hata hivyo, kilichosahihishwa kilikuwa amri tu za vidole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zana ya Beat Detective ndani ya programu ya Pro Tools iliwawezesha mafundi kuyafanyia hivyo hivyo mapigo ya mtu aliyeketi nyuma ya seti halisi. Baadaye zikaja programu za bei nafuu, kama vile Reaper iliyoanza kusambaa mwaka 2006, na uwezo uliokuwa wa studio kubwa ukaingia katika vyumba vya kulala vilivyotandikwa mablanketi ukutani.

Itakuwa dhuluma kuibeza kazi hii. Mwanakwaya aliyelipia saa sita za studio kwa pesa za mchango hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mpiga drami alilala vibaya. Kuna mapigo ambayo ni makosa matupu: fimbo imeteleza, mguu umechoka, au mpigaji amelikimbilia pigo la mwisho wa ubeti kwa pupa ya kuonyesha ufundi. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka huenda hawakuwaza drami, lakini maneno yao yangefaa kubandikwa mbele ya kila mpigaji anayekaribia kiitikio. Kumsogezea mtu kama huyo pigo lake ni stara, sawa na mhariri anayemwondolea mwandishi neno lililorudiwa mara mbili.

Tatizo huanza pale gridi inapofanywa ndiyo wimbo.

Fundi mmoja kijana, katika studio ndogo mjini Mombasa, aliwahi kurekodi kikundi cha chakacha kilichotaka wimbo wake wa harusi uhifadhiwe vyema. Ujuzi wake aliupata kwa nyimbo za makanisani na za vijana, nyimbo ambazo karibu zote huhesabiwa kwa nne. Mpiga chapuo alikuwa mzee aliyezikataa hedifoni; alisema hawezi kupiga akiwa amezibwa masikio. Metronomu ikapewa mpiga kinanda, na mzee akamfuata mpiga kinanda. Jioni, kikundi kilipoondoka, kijana aliikusanya mikondo ya ngoma, akaichagulia mgawanyo aliouzoea, akaiamuru programu inyooshe kila kitu. Dakika chache zikatosha. Kwenye kioo kila pigo lilisimama juu ya mstari wake, na kwa mtu anayesikiliza kwa macho, kazi ilikuwa safi.

Mzee alirudi siku ya pili kusikiliza. Aliusikia ubeti wa kwanza kimya, akaomba urudiwe, kisha akasema: "Mwanangu, hapa nalipiga matatu. Mbona nasikia mawili?"

Malalamiko hayo yanaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua wimbo wenye midundo 120 kwa dakika: kila mdundo una milisekunde 500. Katika chakacha, mdundo hugawika katika tatu, kwa hivyo mapigo ya chapuo huangukia mwanzoni, kwenye milisekunde 167, na kwenye milisekunde 333. Gridi aliyoichagua kijana iliugawa mdundo katika mbili, na mstari wake wa kati ulikuwa kwenye 250. Pigo la pili likavutwa mbele kwa milisekunde 83, la tatu likarudishwa nyuma kwa kiasi hichohicho, yote mawili yakatua mahali pamoja na moja likalifunika jingine. Matatu yakawa mawili. Hata angaliugawa mdundo katika nne asingalinusurika: mapigo yangalikwenda kwenye 125 na 375, kila moja likikosea kwa milisekunde 42, na mwendo uliokuwa wa kuviringika ungalikuwa wa kushtukashtuka. Programu haikufanya kosa lolote. Ilitii kikamilifu amri ya mtu ambaye hakuwa amehesabu kabla ya kuamuru.

Kwa bahati kijana alikuwa ameihifadhi mikondo halisi kando. Aliifungua upya, mara hii mzee akiwa ameketi kitini pake, na wakaupitia wimbo mdundo kwa mdundo. Gridi iliwekwa katika tatu, lakini haikutumiwa kama hakimu. Vumi ndiyo iliyofanywa kiongozi, na chapuo likasogezwa tu pale lilipoachana na vumi kwa namna ambayo wote wawili walikubali kuwa inaudhi. Mahali pengine mzee mwenyewe ndiye aliyetaka pigo liondolewe, ilhali kijana aliliona halina neno. Katika ubeti wa tatu kulikuwa na pigo lililochelewa sana, na kijana alikwisha kulishika ili alisogeze. Mzee akamzuia: "Hapo nawapa wachezaji nafasi ya kugeuka." Lilikuwa ishara, na ishara ile isingaliweza kujulikana kwa kuyatazama mawimbi, kwa maana wachezaji hawakuwamo studioni siku hiyo.

Programu nyingi huruhusu usahihishaji wa kadiri. Fundi akichagua asilimia 50, pigo lililochelewa kwa milisekunde 30 hubaki limechelewa kwa 15. Kosa hupungua, umbo la mwendo husalia. Ni njia ya kiungwana, na mafundi wengi huishia hapo. Lakini nayo hudhani kwamba mstari ndio ukweli na mpigaji ndiye aliyeukengeuka, jambo ambalo wasanii wengine wamelipinga kwa vitendo. J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka 2006, aliyasogeza baadhi ya mapigo mbele na mengine nyuma ya mistari kwa makusudi ndani ya mashine iliyoundwa kuyanyoosha, na leo mashine yake, MPC3000, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa la historia ya Wamarekani weusi mjini Washington.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatauona mzozo huu kuwa mgeni. Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano yaliyofuata yalihusu swali lilelile: je, kipimo ndicho kiundacho shairi, au hulikuta limekwisha kuwa? Na hata katika tarbia iliyotimiza mizani 8 kwa 8 pasi na hitilafu, mghani mahiri huivuta silabi moja na kuipitia nyingine mbio, mizani ikabaki ileile kwenye karatasi na wizani ukawa wake. Hakuna mhadhiri ambaye angemnyoosha mghani huyo ili kila silabi ichukue muda sawa. Angekuwa akizihesabu silabi, na shairi lingekuwa limekwisha kuondoka ukumbini.

Kwa ngoma za jadi, kinachohatarishwa ni zaidi ya ladha. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Pale wapigaji wanapopungua, kanda hugeuka mwalimu. Kijana asiyewahi kuketi kando ya mpigaji hujifunza kutokana na alichokisikia, na akisikia mawili atapiga mawili, na atawafunza wenzake mawili kwa dhamiri safi kabisa. Wimbo wa mapenzi ulionyooshwa kupita kiasi huchosha tu na kusahaulika baada ya msimu mmoja. Chapuo lililonyooshwa vibaya hudumu. Kwa hivyo fundi anayerekodi ngoma kama hizi hana ruhusa ya kuifuta mikondo halisi eti imejaza diski, na bei ya diski siku hizi haimpi kisingizio.

Yule kijana wa Mombasa aliitunza mikondo yote miwili, iliyonyooshwa kidogo na isiyoguswa, akaiandika majina ili isichanganyike. Toleo lililopigwa harusini ni lile la kwanza. Lile jingine huombwa na wapigaji wachanga wa kikundi hicho: huja studioni, humtaka azime kinanda, sauti na vumi, aache chapuo peke yake, apunguze kasi. Kwa mbali, katika maikrofoni hiyo ya chapuo, husikika bado vumi na kikohozi cha mtu, na hapo kwenye ubeti wa tatu, pigo huchelewa.