Redio Hii Ilikuwa ya Upande Gani?

Redio ya jeshi haiimbi. Hilo ndilo huwashangaza kwanza watoto wanaosimama mbele ya meza yangu siku za maonyesho ya historia, Meru na Embu. Wamezoea redio ya nyimbo na matangazo ya vifo. Hii yangu, Wireless Set No. 19, ni sanduku zito la chuma lililotengenezwa Kanada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na usoni lina maandishi ya lugha mbili: Kiingereza na Kirusi. Nyingine zilikuwa zinapelekwa kwa Wasovieti, waliokuwa wakipigana na Ujerumani. Mtoto mmoja aliniuliza kama hizo herufi ni Kimeru cha zamani.

Naiunganisha na betri ya gari, volti 12. Dainamota inaanza kunguruma, ikipandisha umeme hadi karibu volti 500, maana valvu hazishibi umeme mdogo. Unangoja zipate moto, halafu kwenye hedifoni unasikia mvumo kama wa mvua ya mbali juu ya mabati. Kurusha sauti sirushi. Bila leseni hiyo ni kesi. Lakini wapenzi wa redio watanielewa nikisema ile harufu ya vumbi linaloungua juu ya valvu ni nusu ya raha yenyewe.

Sasa, huku si Uingereza, ambako watu huvaa sare za babu zao wikendi, wakapiga hema shambani na kunywa chai kando ya jeep. Huku vita vilipita kwenye shamba la nyanya yako. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na Waembu na Wameru wakatiwa kapu moja na Wakikuyu. Operesheni Anvil ilipofanywa Nairobi Aprili 1954, kuwa mmoja wa hao watatu kulitosha kukufanya ukamatwe. Miteremkoni mwa Mlima Kenya wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu, lenye mianzi iliyochongwa ncha, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Juu, ndege ndogo za polisi wa akiba zilizunguka zikiwatafuta, zikiongea na doria za chini kwa redio. Kisha zikaja za mabomu.

Ndiyo maana sikushangaa siku ile Embu, shosho mmoja mwenye mkongojo aliposimama mezani akakataa hedifoni.

"Hii ndiyo ilikuwa inaongea na ndege?"

"Hapana, shosho. Hii ilikuwa ya vifaru."

Vifaru havikumhusu. "Hebu zima kidogo."

Nikazima. Dainamota ikachukua muda wake kunyamaza. Ndipo akaniuliza, bila ukali, "Watu wenu walikuwa upande gani?"

Nikamwambia ilivyo. Baba yake mama alikuwa homgadi. Baba yake baba alifungwa Manyani. Krismasi walikuwa wanakula kwa meza moja na hakuna aliyetaja hayo mambo.

Akacheka. "Basi wewe ni wa hapa kabisa."

Akavuta kiti. Alikuwa msichana mdogo, akasema, akitumwa na kiondo cha nduma, na chini ya nduma kuna karatasi. Huko msituni barua ziliachwa kwenye shimo la mti, mwingine anakuja kuchukua. "Sisi redio yetu ilikuwa hii," akasema, akagonga goti lake kwa mkongojo.

Nimelifikiria sana hilo goti. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikuwa ametumikia KAR hadi Burma. Alijua vizuri jeshi lenye vyombo linavyopigana. Alipoongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, kabla hajakamatwa Januari 1954, mawasiliano yao yalikuwa wajumbe na barua. Na Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa hadi uhuru ukaja. Kwa mtu kama mimi, anayeweza kuongea saa nzima kuhusu valvu moja, hiyo ni habari ngumu kidogo kumeza.

Kuna wenzangu wa maonyesho wanaosema siasa iachwe nyumbani, tuonyeshe mashine tu. Mashine gani hiyo isiyo na mwenyewe?

Siku hizi nabeba pia gogo lenye shimo, na ndani naweka karatasi iliyokunjwa. Naliweka kando ya redio, bila maelezo mengi. Wazee hulitambua kabla sijafungua mdomo. Watoto nao wamelipenda kuliko redio. Wanaandika barua zao, wanazisukuma ndani. Jioni moja Meru, nikipakia vitu kwenye Probox, nilikuta karatasi saba. Moja ilikuwa inaomba kredo ya shilingi 20.