Kipimo cha Haraka, Kwetu na Ughaibuni

Hapa England, tangu Aprili 2021 hata mwisho wa Machi 2022, kile kipande cha plastiki chenye dirisha dogo na mistari miwili kiligawiwa bure kwa kila aliyekitaka, watu wakajipima korona majumbani, kisha wakajisomea jibu wenyewe. Kwetu Unguja na Pemba, chombo cha namna hiyo kilikwisha kuzoeleka zamani katika kazi ya malaria, nacho aghalabu huwa mkononi mwa mhudumu wa kituo cha afya.

Ndani yake mna utepe unaonyonya maji. Likiisha kutiwa tone la damu ya kidoleni, na matone ya maji ya kipimo yakafuata, damu husafiri juu ya utepe, ikakutana njiani na kingamwili zilizofungamanishwa na chembe za dhahabu, ndogo mno hata zikikusanyika huonekana nyekundu. Na chembe hizo, iwapo zimeshika protini ya kimelea, hunaswa katika mstari wa kwanza, na zinazosalia hunaswa katika wa pili, ambao kazi yake ni kushuhudia kwamba kipimo kimefanya kazi. Shahidi huyo asipotokea, jibu ni batili, hata kama mstari wa kwanza umewaka. Fauka ya hayo, protini ya HRP2, inayotafutwa na vipimo vingi vya malaria, hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, basi aliyekwisha kutibiwa huweza kuonekana mgonjwa ilhali amepona. Kwa hiyo jibu lataka mtu wa kulifasiri.

Na hapo ndipo, kwa rai yangu, Zanzibar ilipoishinda England: mgonjwa akithibitika kuwa na malaria, kituo hutoa taarifa kwa simu, na afisa hufika nyumbani kwake kuwapima aishio nao, ilhali kipimo cha korona cha nyumbani kilitegemea uaminifu wa mtu kutoa taarifa ya jibu lake mwenyewe. Walakini Afrika Mashariki kwa jumla tuna kasoro inayonisikitisha sana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na hata leo wako wanaokwenda moja kwa moja duka la dawa kununua dozi bila kupimwa, au wanaoonyeshwa kwamba hawana malaria wakaimeza vivyo hivyo, na ile homa yenye sababu nyingine ikaendelea kuwadhuru. Uingereza dawa hizo za tiba hazipatikani ila kwa cheti cha tabibu, na kipimo cha haraka hakitoshi peke yake: damu hutazamwa kwa hadubini, na jibu likiwa hakuna vimelea, hurudiwa mpaka mara tatu katika muda wa siku tatu ndipo mtu aambiwe hana.

Wengi wanaougua malaria Uingereza ni watu kama sisi, waliokwenda kuwazuru jamaa zao. Basi, ndugu msomaji, ukirejea kutoka nyumbani ukashikwa na homa kabla mwaka haujatimia, usitosheke na kipimo cha korona cha kabatini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, utaje nchi uliyotoka, uombe damu yako ipimwe malaria.