Msafiri Aliyefunga Mapazia

"Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Methali hii ni ya watu wa pwani, na haikutungwa na mtu aliyekuwa amejikalia barazani akiwaza mambo asiyoyajua. Ni ya watu waliohesabu mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi iliwaleta wageni kutoka Arabuni na Bara Hindi, nao wakalazimika kungoja mpaka kusi ianze kuvuma ndipo warejee kwao. Katika miezi hiyo ya kungoja, tajiri wa Maskati mwenye mashamba ya mitende alikuwa mtu wa kuomba maji ya kuoga. Aliuliza njia kwa watoto. Alikula alichoandaliwa, kwa saa ya mwenyeji wake, na maneno ya mji aliyajua baada ya kuchekwa kwanza. Methali haimtukani msafiri. Inamweleza hali yake, na pengine inamweleza faida yake pia, kwa kuwa mkono mtupu ndio unaopokea.

Wako, hata hivyo, watu walioukataa umaskini huo. Hawakuukataa kwa kubaki nyumbani, bali kwa kuondoka na nyumba yenyewe. Siku hizi nyumba za magurudumu, yaani karavani, ni jambo la kawaida katika barabara za Ulaya na Marekani. Hununuliwa dukani kama vinunuliwavyo vitanda na makabati. Zile za mwanzo zilikuwa vioja, na kila moja ilikuwa na mwenyewe aliyeiwaza kabla haijawa mbao na chuma. Nyumba ya namna hiyo ni nyumba iliyopunguzwa. Mwenyewe hawezi kuchukua vyote, kwa hiyo vile anavyochagua kuvipakia huwa ni ungamo: hiki ndicho nisichoweza kukiacha nyuma.

William Gordon Stables, Mskoti, alikuwa daktari katika Jeshi la Majini la Uingereza. Ujanani alikwenda mpaka kwenye bahari ya barafu pamoja na wavuvi wa nyangumi. Baadaye, katika miaka ya 1860, alitumikia manowari iliyoitwa Penguin, iliyowinda majahazi ya watumwa katika pwani ya Msumbiji. Bahari yetu, basi, aliijua, ingawa aliijua kutoka upande wa mzinga. Afya ilipomtoa baharini alitua Twyford, kijiji cha kusini mwa Uingereza kisichosikia wimbi, akaishi kwa kuwaandikia vijana hadithi za safari na hatari. Vitabu vyake vilizidi 100.

Bahari ilimfuata hadi huko. Aliagiza kwa mafundi wa Bristol, waliozoea kuunda mabehewa ya reli, nyumba ya mkangazi yenye uzito wa tani 2 hivi, ya kukokotwa na farasi wawili. Akaiita Wanderer, Mtembezi. Ndani mlikuwa na kochi lililogeuka kitanda usiku, rafu ya vitabu, kinanda kidogo, na nyuma jiko la mafuta. Mwaka 1885 aliondoka nayo Twyford hadi Inverness, kaskazini mwa Uskoti, akiwa na mwendesha farasi, mtumishi, mbwa mkubwa na kasuku. Mtumishi alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuipeleleza njia. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1886, na jina lake linataja maili 1,300, zaidi ya kilomita 2,000. Katika jina hilohilo gari limeitwa chombo cha anasa cha nchi kavu, na mwendo wake umeelezwa kwa neno la safari ya majini. Daktari hakuweza kuiacha meli.

Ipo kejeli katika habari hii isiyofaa kupitwa. Wakati ule wenye nyumba za magurudumu katika barabara za Uingereza walikuwa Waroma, kabila la wahamaji wa Ulaya, pamoja na watu wa maonyesho ya mitaani. Walidharauliwa, wakafukuzwa kandokando ya miji. Daktari, mtu wa heshima, alilichukua umbo la nyumba yao akalivika mkangazi. Aliyeitwa mzururaji kwa dharau na aliyejiita mtembezi kwa fahari walipita njia moja. Hata hivyo Stables hakuukwepa umaskini wote wa msafiri. Kila jioni alihitaji kiwanja cha kulaza gari na chakula cha farasi, navyo vilikuwa mali ya mwingine. Ilimbidi abishe hodi.

Miaka 40 baadaye, huko Ufaransa, alitokea mtu aliyetaka kusafiri bila ya kubisha hodi popote. Naye alikuwa mshairi.

Raymond Roussel alizaliwa Paris mwaka 1877 katika nyumba ya utajiri mkubwa. Kitabu chake cha kwanza, hadithi ndefu iliyoandikwa kwa shairi, kilitoka mwaka 1897, akiwa kijana aliyeamini kwamba asubuhi ya siku hiyo Paris nzima ingemtazama. Hakuna aliyegeuza shingo. Jeraha hilo halikupona. Tangu hapo alichapisha vitabu vyake kwa fedha zake, akagharimia na michezo yake ya jukwaani, akachekwa, akaendelea. Mwaka 1910 alitoa riwaya iitwayo Impressions d'Afrique, yaani Taswira za Afrika. Ndani yake meli iliyokuwa ikielekea Buenos Aires inavunjika katika pwani ya Afrika, abiria wanatekwa na mfalme aitwaye Talou, na wanapongoja kukombolewa wanamwandalia maonyesho ya maajabu yasiyo na kifani.

Afrika hiyo haipo katika ramani yoyote. Jinsi ilivyozaliwa, mpenzi wa ushairi wa Kiswahili ataelewa upesi kuliko wengi. Mtu akisema "nyumba hii haina paa", kauli yake ina milango miwili: yaweza kuwa haikuezekwa, yaweza kuwa hakufugwa mnyama humo. Watunzi wetu wa mafumbo wamecheza na milango ya namna hiyo tangu kale. Roussel aliufanya mchezo huo kuwa kiwanda. Alitunga sentensi mbili zinazokaribia kufanana kwa herufi na kutengana kabisa kwa maana. Moja akaiweka mwanzo wa hadithi, ya pili mwisho, kisha akajenga kisa cha kumfikisha msomaji kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kwa Kifaransa, ukibadili herufi moja tu katika neno la meza ya biliadi, unapata neno la mporaji. Kutokana na mporaji huyo akazaliwa mfalme mwenye vikosi, na kutokana na mfalme ikazaliwa nchi. Afrika nzima ya Roussel imesimama juu ya herufi moja ya Kifaransa.

Si kwamba hakusafiri. Katika miaka ya 1920 na 1921 aliizunguka dunia: Bara Hindi, Australia, visiwa vya Pasifiki, Uchina, Japani, Marekani. Baadaye aliandika kwamba katika safari zake zote hakuwahi kuchota kitu cha kutia vitabuni, kwa sababu kwake ubunifu ndio uliokuwa kila kitu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyebuni, katikati ya miaka ya 1920, mojawapo ya nyumba za magurudumu za ajabu kuliko zote.

Ilikuwa na urefu wa mita 9 na upana wa mita 2.3, imejengwa na fundi wa Paris juu ya chesisi ya lori la Saurer. Ndani mlikuwa na sebule, chumba cha kulala, chumba cha kuandikia, bafu, na malazi ya watumishi watatu: madereva wawili na mhudumu. Vyumba viligeuzwa kwa ustadi, cha mchana kikawa cha usiku. Mlikuwa na joto la umeme, redio, hata sefu. Ilipokamilika tu ilikwenda kilomita 3,000 kupitia Uswisi na Alsace, na magazeti ya Ufaransa yakaishangilia kama kasri linalotembea, ambalo mwenyewe angeamka kila asubuhi mbele ya mandhari mpya.

Lakini walioandika habari zake husimulia kwamba mapazia yalikuwa yamefungwa. Nje ilipita milima ya Alpi. Ndani mtu alikuwa ameinamia meza, akiandika.

Mwaka 1926 gari lilifika Roma. Mussolini alilitazama. Inasimuliwa kwamba hata Papa alipata hamu ya kuliona, lakini miaka ile mapapa walikuwa hawatoki nje ya Vatikani, kwa ugomvi uliokuwapo na dola ya Italia tangu 1870 na uliokuja kumalizwa mwaka 1929. Basi alimtuma balozi wake akaliangalie kwa niaba yake. Mtu asiyeweza kutoka nyumbani alitaka habari za mtu asiyeweza kutoka nyumbani hata akiwa safarini. Pengine walikuwa ndugu kuliko walivyojua.

Ni rahisi kumcheka tajiri huyu, na kwa Mwafrika ni rahisi pia kumkasirikia. Lakini haki ipimwe kwa mizani sahihi. Katika zama zake walikuwapo wasafiri wengi waliofungua madirisha, wakaitazama Afrika kwa siku chache, wakarudi kwao na vitabu vya uongo vilivyovaa nguo za ushahidi. Roussel hakudai kuona. Hakuna aliyesoma habari za Talou akadhani amemjua mtu wa Guinea au wa Kilwa. Lawama iko penginepo: ili afalme wake wa herufi apate mahali pa kukaa, alihitaji jina la nchi ambayo wasomaji wake wangeiona tupu kiasi cha kubeba chochote, na jina lililomjia ni Afrika. Pazia hilo hakulishona peke yake. Paris nzima ilikuwa imeketi nyuma yake.

Wala washairi wa mwambao hawawezi kukidharau chumba chembamba. Tarbia ni nini, kama si chumba kilichopimwa? Mishororo minne, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Humo malenga hupanga dunia nzima kama nahodha apangavyo shehena, na kila kitu hupata pa kukaa kwa sababu nafasi ni ndogo. Roussel naye alikuwa akijenga chumba chake katika miaka ileile ya gari. Kwa zaidi ya miaka 10 alihangaika na shairi lililotoka mwaka 1932, Nouvelles Impressions d'Afrique. Lina sehemu nne, na kila sehemu huanzia mahali fulani pa Misri, kisha hufungua mabano. Ndani ya mabano hufungua mengine, na mengine tena, hata msomaji amezama vyumba vitano ndani. Misri ameiacha mlangoni. Gari na shairi vilichorwa kwa mkono mmoja.

Tofauti haiko katika wembamba wa chumba. Iko katika mlango. Shairi la pwani, hata likifungwa kwa vina namna gani, hutumwa kwa mtu. Huimbwa mbele ya watu, hupelekwa kwa mshairi wa mji wa pili, na hungoja jawabu. Huenda jawabu likaja kwa bahari hiyohiyo na vina hivyohivyo. Malenga anapotunga anajua kwamba neno lake litakwenda kuwa mgeni katika kinywa cha mwingine, nalo litakuwa maskini huko, litafasiriwa na wenyeji wapendavyo. Roussel aliwataka watu wamtukuze bila ya kumgusa. Alijinunulia wachapaji, jukwaa, madereva, na barabara za nchi tatu. Jawabu halinunuliwi.

Mwishowe mali ilimwishia. Mwaka 1933 alikuwa Palermo, kisiwani Sisilia, pamoja na Charlotte Dufrène, mwandani wake wa miaka mingi. Hapakuwa na kasri la magurudumu; palikuwa na vyumba viwili vya hoteli vilivyopakana, na mlango kati yao. Asubuhi ya tarehe 14 Julai alikutwa amekufa, baada ya dawa nyingi za usingizi. Godoro lilikuwa sakafuni. Alikuwa amelivuta hadi kwenye mlango ule wa kati, ambao kwa kawaida haukufungwa, na usiku huo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miaka miwili baadaye kilitoka kitabu alichoagiza kichapishwe akishakufa, na humo akaeleza jinsi alivyozitunga hadithi zake: meza ya biliadi, mporaji, na herufi ile moja.

Wanderer ya daktari Stables imehifadhiwa hadi leo, mkangazi wake ungali unang'aa. Kilichobaki kwa Roussel ni vitabu, na wasomaji wengi kuliko aliowahi kuwaota. Wamekuja wamechelewa, kama wageni waliokosa kaskazi ya kwanza, nao wanabisha hodi.