Mashine ya Kung'arishia Gari kwa Fedha za Upatu

Kama wewe ni miongoni mwa wafanyakazi waliojinyima miaka kadhaa hata wakapata gari dogo lililokwisha kutumika Japani, bila shaka unakijua kisa cha rangi yake. Siku lilipotoka bandarini lilikuwa likimetameta, watoto wa jirani wakijitazama mlangoni kama kiooni. Kisha likaanza kulala nje, maana nyumba zetu nyingi za kupanga hazina banda la gari. Jua la pwani likaliwakia, upepo wa chumvi ukalipiga, na kila Jumamosi kijana wa mtaani akalisugua kwa tambara lile lile alilokwisha kusugulia magurudumu. Baada ya miaka miwili au mitatu, ukilitazama boneti wakati jua limesimama juu yake, unaona mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, imezungukana mithili ya utando wa buibui. Injini ni nzima na viti ni vizima, lakini gari lote laonekana kuukuu, na siku ya kuliuza mnunuzi ataanzia hapo hapo kuishusha bei.

Makala haya yamekusudiwa yule anayetaka kuiondoa mikwaruzo hiyo kwa mkono wake mwenyewe, huku mfuko wake ukiwa mwepesi. Mimi nililazimika kulichunguza jambo hili mwaka 2023, kwa sababu ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kukaa kwetu baada ya kumaliza kidato cha nne na kuzungukia viwanda vingi bila kupata kazi. Alikuwa akiosha magari chini ya mkungu karibu na kituo cha basi, akang'amua kwamba kuosha kunalipa kidogo na kung'arisha kunalipa zaidi. Wakati huo zamu ya upatu ya mke wangu ilikuwa imekaribia: shilingi 500,000, nazo zilikwisha kutengwa kwa ajili ya tangi la maji. Katika mtaa ambao bomba hutoa maji kwa siku za kuhesabu, tangi si anasa. Mke wangu alifikiri siku mbili, kisha akaniambia, "Nitampa. Lakini wewe ndiye mwenye kusoma. Tafuta kinachofaa kununuliwa, maana sitaki kuikuta mashine imelala uvunguni."

Basi nikafanya kazi niliyosomea: nikauliza, nikasoma, nikakaa na mafundi rangi katika gereji za mitaani, nikaandika. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa kujua tunakwangua nini. Magari ya zamani, mathalani Peugeot 504 za mwanzo, mengi yao yalipakwa rangi moja tu isiyo na kifuniko, na ukiisugua kwa dawa kitambaa huingia rangi ya gari. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi hupaka rangi yenyewe, halafu juu yake hupaka tabaka jingine lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita kliya. Mng'ao wote umo katika tabaka hilo, na kinga ya jua pia. Unene wake, gari likiwa jipya, kwa kawaida hukaribia maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia barua: unene wake ni kama maikroni 100. Maana yake ni kwamba kliya haizidi nusu ya unene wa karatasi hiyo. Kung'arisha gari ni kuipunguza kliya kidogo sana, hata kingo za mikwaruzo zilainike na mwanga upate kurudi sawasawa. Anayekwangua kupita kiasi hufika kwenye rangi yenyewe, na hapo hakuna dawa ila kupaka upya sehemu nzima. Kwa kijana anayeanza, mlango mmoja wa mteja ukipakwa upya humeza kazi ya mwezi mzima.

Kwa hiyo uchaguzi wa mashine ni uchaguzi wa kiasi gani cha hatari unachoweza kukibeba. Ziko mashine ambazo sahani yake huzunguka juu ya mhimili mmoja tu, kama pangaboi. Hizi zina nguvu, hukata haraka, na fundi mzoefu hufanya nazo maajabu. Lakini hurundika joto mahali pamoja, na mkono usiozoea ukisita kidogo kwenye ukingo wa mlango kliya huungua. Hata pasipoungua, huacha alama za mawimbi ambazo huonekana kesho yake juani, mteja akiwa amekwisha kuondoka. Aina ya pili ni ile ambayo sahani huzunguka na wakati huo huo huyumba kando kando, mizunguko miwili kwa pamoja. Ukiikandamiza mno hupunguza kuzunguka au husimama kabisa, ikabaki kutetemeka tu. Udhaifu huo ndio usalama wa mwanafunzi. Nilimwambia shemeji yangu anunue aina hii ya pili na asitazame nyuma, ingawa wauzaji wengi walimsifia ile ya kwanza kwa kuwa ni rahisi zaidi.

Kuhusu grenda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji mbele, naomba msomaji asinisukume kusema maneno makali. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya mhimili mmoja hufanya kazi nzuri ikiwa chini ya 2,000. Hesabu hiyo yatosha.

Katika zile zinazoyumba, utaulizwa unataka ya milimita ngapi. Kipimo hiki chaonyesha sahani husogea kando kwa upana gani: ziko za milimita 8, 15 na 21. Ya 21 hufagia eneo kubwa na hupendeza juu ya boneti pana la gari kubwa, lakini katika magari yetu madogo, yenye milango iliyopinda na nguzo nyembamba, huhangaika. Ya 8 ni ya zamani na ni ya polepole, walakini haina hila. Sisi tulichagua ya milimita 15 yenye sahani ya inchi 5. Tazama pia kama mashine ina swichi ya kubadili kasi na kama inaanza taratibu, kwa sababu inayoruka ghafla hukurushia dawa machoni. Jambo dogo lenye faida: piga mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani. Wakati wa kazi mstari ukionekana unazunguka, mambo ni sawa; ukisimama, umekandamiza mno au umeiinamisha mashine.

Hapa pana mtego ambao ulikaribia kutupata. Katika biashara ya mitumba utaona mashine nzuri zilizotoka Japani kwa bei ya kuvutia. Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu ni volti 230. Ukiichomeka mashine ile katika soketi ya nyumbani bila transfoma, itatoa moshi kabla hujapata kuishukuru. Soma kibati kilicho ubavuni mwa mashine kabla ya kutoa fedha. Zile za betri nazo zinavutia, hasa kwa anayefanya kazi chini ya mti, ila betri mbili za kutosha gari zima huweza kuipita bei ya mashine yenyewe. Waya mrefu, mnene, usiopata moto ulitufaa zaidi, na duka jirani lilikubali kutuuzia umeme kwa makubaliano.

Sasa niseme juu ya fedha. Kosa la wengi ni kuzimaliza zote katika mashine, kisha wakaenda kuitumia na sponji moja na tambara la fulana kuukuu. Mimi nilishikilia kwamba mashine isizidi nusu ya zile 500,000, na shemeji yangu alinuna siku nzima. Nusu nyingine ilikuwa na kazi zake. Sponji zenyewe lazima ziwe kadhaa, kwa sababu moja hupata moto na kujaa uchafu kabla hujamaliza boneti na milango miwili. Tulinunua nne za ugumu wa kati na mbili laini, zote zenye upana unaozidi sahani kidogo, ili ukingo wa sahani usije ukagusa rangi. Dawa tulinunua moja tu, ile ya katikati, inayokata kiasi na kumalizia kiasi. Ile kali ya kukwangulia, iitwayo kompaundi, tuliiacha kwa makusudi hata mkono upevuke. Vitambaa vya maikrofaiba tulichukua kumi na viwili, tepu ya karatasi ya kufunikia mipira na plastiki, brashi ya kusafishia sponji, na kopo moja la nta ya kumalizia. Ndoo zilikuwapo nyumbani, jambo ambalo mke wangu alilipinga hadi tulipomnunulia nyingine.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukijua hapo kabla: udongo maalumu wa kusafishia rangi, laini kama donge la unga. Gari likioshwa vizuri bado huwa limenasa chembe za chuma, utomvu na vumbi la barabara. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, pitisha vidole taratibu juu ya boneti lililooshwa, nawe utazihisi kama msasa. Udongo huo, ukitelezeshwa kwa maji ya sabuni, huzizoa. Ukianguka chini utupwe, hata kama roho inauma, kwa kuwa mchanga ulioshikwa na udongo huo utachora gari zima. Aidha, wale wenye maji ya kisima cha chumvi, ambayo mitaa mingi ya Dar es Salaam inayo, wasiyaache yakaukie juu ya rangi. Hubakiza madoa meupe yaliyo magumu kuondoa kuliko mikwaruzo.

Kazi yenyewe hufanywa kivulini, bati la gari likiwa la baridi kwa mguso wa nyuma ya mkono. Dawa matone matatu au manne, eneo la nusu mita kwa nusu mita, mashine iende polepole kuliko mtu apendavyo, kila mkupuo ukipanda juu ya nusu ya ule uliotangulia. Halafu futa, na ufute tena kwa spiriti iliyochanganywa na maji mengi, kwa sababu mafuta ya dawa hujaza mikwaruzo na kukudanganya kwamba imekwisha. Anza na kipande kimoja cha majaribio, ukitazame juani, ndipo uendelee. Mkwaruzo unaonasa ukucha usiufukuze. Na kliya iliyokwisha kubanduka kama ngozi ya nyoka haina mashine ya kuirudisha. Huyo mpeleke kwa fundi rangi.

Wiki tatu za kwanza shemeji yangu hakugusa gari la mtu. Tulimpatia boneti chakavu kutoka kwa wauza vyuma, akalifanyia kazi kila jioni uani, na siku moja nikamwambia aliunguze makusudi kwenye ukingo, apate kuona namna linavyoungua. Haikuchukua muda. Alilitazama lile doa kimya, kisha akaenda kufunika kingo zote kwa tepu, nami sikumwambia lolote.

Gari lake la kwanza la kulipwa lilikuwa la mwalimu jirani yetu, jeusi, lililonunuliwa kwa mkopo ambao bado alikuwa akikatwa mshahara. Jeusi ndilo gumu kupita yote, maana halifichi kitu. Milango ilikwenda vizuri. Alipofika kwenye paa aliona ukungu mweupe pembeni, dalili kwamba kliya pale imekwisha kuliwa na jua. Mwalimu alimsihi aendelee, akamwongezea na fedha. Kijana alizima mashine, akamwambia, "Shikamoo yako naiheshimu, mwalimu, ila paa hili sitaligusa." Alipunguziwa malipo siku ile. Nilikuwapo, na nakiri, msomaji, kwamba nilipata shida kuuficha uso wangu kwa furaha.

Mwezi uliofuata mwalimu yule yule alimletea wenzake wawili wa shuleni. Taa za mbele zilizogeuka manjano zimekuwa kazi yake ya kila wiki. Husuguliwa kwa msasa laini wa maji, kisha kwa mashine, na lazima zipakwe kinga ya jua, la sivyo hurudia unjano. Wanaozisugua kwa dawa ya meno hupata furaha fupi.

Mke wangu huweka daftari. Kila gari likitoka, fedha ya sponji na vitambaa huondolewa kwanza, kabla ya mtu yeyote kununua soda. Sponji huoshwa kwa sabuni jioni ile ile na kukaushwa kivulini. Tangi la maji lilinunuliwa miezi saba baadaye, la lita 500 badala ya lile la lita 1,000 lililokusudiwa. Sasa shemeji yangu anataka mashine ndogo ya inchi 3 kwa ajili ya nguzo na bampa, na dada yake amemjibu kwamba zamu yake mwenyewe itafika, kwa kuwa amekwisha kumwandikisha katika upatu.