Baba Yumo Kiotani

Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Kamachumu tuko juu, kwenye migomba na mibuni. Samaki walitufikia vichwani mwa wachuuzi waliopanda mlima tangu alfajiri. Likizo nilishuka kwa mjomba, upande wa Muhutwe. Yeye alivua pembezoni mwa ziwa, ndani ya mafunjo, kwenye maji ya kahawia na tope la kufika magotini.

Huko ndiko makao ya kamongo. Maji yale yana hewa haba, samaki wengi hawayawezi, lakini yeye ana mapafu. Hulala chini topeni, huponda konokono kwa mataya yake mazito, kisha hupanda juu kuvuta pumzi na kuzama tena. Mjomba aliweza kukaa mtumbwini kimya akisikiliza pumzi hiyo. Mimi nilisikia vyura tu.

Masika moja alinionyesha kiota: shimo lililochimbwa katikati ya mizizi ya mafunjo.

"Usitie mkono, mpwa wangu. Baba yumo."

Jike hutaga akaenda zake. Dume hubaki na mayai, halafu na watoto, ambao mwanzoni wana matamvua yanayoning'inia nje ya shingo. Muda wote huo haondoki, na anayemsogelea humng'ata.

Kutoondoka huko ndiko kulikomponza. Ukipata kiota umepata samaki mkubwa asiyekimbia, na wavuvi walilijua hilo. Nilimwona dume mmoja akichomwa mkuki papo hapo kiotani. Alikuwa mrefu kunizidi. Wanaume wawili walimbeba. Watoto wake walizagaa kwenye maji yaliyotibuka, na hakuna aliyewatazama.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alipojaa upande wetu miaka ya 1980, alibebeshwa lawama ya kila samaki aliyeadimika. Kwa furu ni kweli, aliwala mno. Kwa kamongo nakataa. Sangara anataka maji yenye hewa nyingi. Ndani ya mafunjo hastahimili. Kamongo amemalizwa na mikuki ya viotani, na ndoano zilizotegwa usiku kucha, na mashamba yaliyofyeka mafunjo hadi ukingoni.

Penye mafunjo yaliyosalia, hata baadhi ya furu wamenusurika, kwa kuwa sangara hawezi kuwafuata humo.